Nini hasa kinaufanya mji wa Marekani uwe wa kiliberali, na mwingine ukatae katakata?

#1 Mchungulia Dirisha

Wakuu, salaam.

Tangu Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala, ashinde umeya wa New York Novemba 2025, humu ndani watu wanashangilia kana kwamba Marekani yote imegeuka. Haijageuka. Nchi ni moja, dola ni ile ile, lakini San Francisco mwaka 2020 ilimpa Biden kura kama 85 katika kila 100, wakati Oklahoma, jimbo lenye kaunti 77, halijampa mgombea urais wa Democratic, chama cha Biden na cha waliberali, hata kaunti moja tangu 2004. Nendeni Colorado mkaone: Boulder na Colorado Springs ni mwendo wa saa moja na nusu hivi kwa gari, zote ziko chini ya milima ile ile ya Rocky, lakini kisiasa ni mtu na mtalaka wake.

Mwaka 2014 wasomi wawili, Chris Tausanovitch na Christopher Warshaw, waliipanga miji yenye watu zaidi ya 250,000 kufuatana na msimamo wa wakazi wake. Upande wa kushoto kabisa, yaani wa kiliberali, walikuwepo San Francisco, Washington, Seattle, Oakland na Boston. Upande wa kulia, yaani wa wahafidhina, iliongoza Mesa ya Arizona, nyuma yake Oklahoma City, Virginia Beach, Colorado Springs na Jacksonville.

Dai langu ni vyuo vikuu. Mji ukijaa wasomi, unaelemea kushoto: Boulder, Madison, Ann Arbor, Berkeley, Austin. Anayebisha aje na hoja, matusi ayaache getini.

#2 Pilipili Kichaa

Nimewahi siti ya mbele. Karanga ziko wapi?

#3 Mzee wa Trela

Nabisha mimi. Umewahi kufika Lubbock, Texas? Nashusha mzigo pale mara kwa mara. Unaingia mjini unapita mashamba ya pamba yaliyonyooka hadi macho yachoke, halafu ghafla unakutana na Texas Tech, chuo chenye wanafunzi karibu 40,000. Kwa hesabu yako Lubbock ingekuwa Berkeley ndogo. Haya sikia: hadi 2009 huwezi kununua kreti ya bia dukani mjini. Watu walikuwa wanaendesha gari hadi nje ya mji, kwenye kipande cha barabara chenye maduka ya pombe yamepangana, wanapakia, wanarudi nyumbani. Na 2021 wakazi wenyewe walipiga kura kuzuia utoaji mimba ndani ya mji.

Ongeza College Station, kuna Texas A&M. Ongeza Provo, Utah. Wasomi tele, uliberali hakuna.

#4 Mchungulia Dirisha

Provo usiiweke, mkuu. Chuo chao ni cha kanisa la Mormon, kanisa la kihafidhina.

#5 Mzee wa Trela

Kwa hiyo vyuo vikikubeba unavihesabu, vikikukataa unavitoa. Sawa.

#6 Kalamu Nyekundu

Mzee wa Trela yuko sawa, ila kuna jambo kubwa zaidi mnaliruka. Wazungu wenye digrii kuelemea Democratic ni habari ya juzi tu. Hadi miaka ya 1990 mtu mwenye digrii na kipato kizuri alikuwa mteja halali wa Republican, chama cha wahafidhina. Kwa hiyo chuo peke yake hakielezi kitu. Inabidi useme ni chuo cha aina gani, katika jimbo gani, na mwaka gani.

Na miji yenyewe inahama. Philadelphia ilikuwa na mameya wa Republican kwa zaidi ya miaka 60 mfululizo, hadi Joseph Clark alipowaangusha mwaka 1951. San Francisco hiyo hiyo mnayoiita makao makuu ya kushoto ilikuwa na meya Mrepublican, George Christopher, hadi mwanzoni mwa 1964. Milwaukee, mji wa viwanda na viwanda vya bia, ulichagua mameya wasoshalisti watatu kwa nyakati tofauti: Emil Seidel mwaka 1910, Daniel Hoan aliyekaa kuanzia 1916 hadi 1940, na Frank Zeidler kuanzia 1948 hadi 1960. Waliheshimika kwa mabomba ya maji taka na bajeti safi, wala hawakuhitaji profesa wa kuwafundisha.

#7 Kaka wa Ferry

Mnahangaika bure. Jibu ni bandari. Mji wa bandari unapokea kila aina ya mtu, watu wanazoeana, ukali unapungua. Sisi tuliokulia pwani tunalijua hilo bila kusoma takwimu.

Angalieni San Francisco. Mwaka 1934 makuli wa bandari waligoma chini ya Harry Bridges, polisi wakaua wawili tarehe 5 Julai, na mgomo ukaenea mji mzima. Chama cha wafanyakazi kikatia mizizi pale. Ikaja vita ya pili ya dunia: wanajeshi waliofukuzwa jeshini kwa kuwa mashoga walikuwa wanashushwa kwenye bandari hizo, na wengi hawakuthubutu kurudi vijijini kwao na karatasi yenye aibu. Wakabaki. Miaka 30 baadaye, mwaka 1977, Harvey Milk anachaguliwa kuingia baraza la mji. Aliuawa 1978 pamoja na meya George Moscone, lakini mji ulikuwa umeshachukua sura yake.

#8 Wa Githurai

Kaka wa Ferry hapo kwa Milk umeeleza poa. Lakini hiyo bandari yako haina miguu. Jacksonville iko na bandari kubwa na kambi ya wanamaji ya Mayport, na kaunti yake ilikaa kutoka Jimmy Carter 1976 hadi Biden 2020 bila kumpa Mdemocrat kura ya urais. Mobile, Alabama? Bandari. Corpus Christi? Bandari pia.

#9 Kaka wa Ferry

Hizo ni bandari za mafuta na manowari. Mimi nasema bandari za watu.

#10 Pilipili Kichaa

Bandari za watu 😂😂 Haya tuambie, na meli za mizigo huwa zinapiga kura chama gani?

#11 Shangazi wa Tacoma

Wanangu habarini. Mimi niko huku jirani na Seattle miaka mingi, natunza wazee majumbani. Anachosema Kaka wa Ferry kuhusu vyama vya wafanyakazi kina ukweli, maana Seattle iligoma mji mzima mwaka 1919, kabla hata ya San Francisco. Na kumbukumbu haikufa: 2013 walimchagua Kshama Sawant, msoshalisti, kuingia baraza la mji, na 2014 wakapitisha kima cha chini cha dola 15 kwa saa. Mimi mwenyewe nimekula matunda yake, kwa hiyo sitawacheka.

Ila ngoja niwape ya chumbani. Bibi mmoja niliyekuwa namtunza, mtu mwema kweli, uwanjani kwake kulikuwa na kibao: kila mtu anakaribishwa hapa, maisha ya weusi yana thamani, sayansi ni kweli. Jirani yake naye ana kile kile. Mtaa mzima. Siku moja ikabandikwa notisi kwamba nyumba ya kona itavunjwa ijengwe ghorofa nne za kupangisha. Weee! Jioni sebule ilijaa. Nikawa namimina chai huku nasikia: maegesho hayatatosha, kivuli kitafunika bustani, hadhi ya mtaa itashuka. Hakuna aliyesema hataki watu wa kipato cha chini. Wala hakuna aliyehitaji kusema.

Kwa hiyo mnapopima uliberali mseme mnapima nini. Kura ya urais? Au kura ya ghorofa?

#12 Pilipili Kichaa

Shangazi umeua. Kaburi lichimbwe na #1.

#13 Bukavu Moja

Jambo wote. Mimi ni Mkongomani, niko Boise, Idaho. Tuko wengi hapa, tulikuja kwa mpango wa wakimbizi. Idaho ni Republican sana sana, lakini Boise mjini ni wa Democratic. Mimi naona sababu ni watu kuhama na kujichagua wenyewe. Wanaokuja kutoka California, watu walituambia, "hao wataleta siasa za California." Hapana! Wengi wanaokuja ni wale waliochoka na California, wanajiandikisha Republican, wanakuwa wakali kuliko wenyeji. Na kijana wa Idaho anayependa mambo ya kushoto anakimbilia Portland au Seattle. Basi kila mahali panazidi kuwa vile palivyokuwa.

#14 Mchungulia Dirisha

Bukavu, asante. Ila hiyo inaeleza mji unavyozidi, haielezi ulivyoanza. Wa kwanza kuvutwa alivutwa na nini?

#15 Bukavu Moja

Kazi, ndugu. Wa kwanza daima anafuata kazi.

#16 Kalamu Nyekundu

Na kazi ndiyo inayoeleza Colorado Springs. Kuna Fort Carson ya jeshi la nchi kavu, kuna Chuo cha Jeshi la Anga kilichoanzishwa 1954. Halafu 1991 shirika la kiinjili la Focus on the Family likahamia pale kutoka California, na mashirika mengine ya aina hiyo yakafuata. Mwaka mmoja baadaye, 1992, jimbo zima la Colorado likapitisha marekebisho ya katiba yaliyozuia sheria za kuwalinda mashoga dhidi ya ubaguzi. Kampeni yake ilizaliwa Colorado Springs. Mahakama Kuu ya Marekani iliyafuta 1996. Jeshi pamoja na kanisa, hesabu imekamilika.

#17 Wa Githurai

Haijakamilika. Norfolk, Virginia, ndiyo kambi kubwa zaidi ya wanamaji duniani, na Norfolk inawapa Democratic ushindi mnono kila uchaguzi. Jirani yake Virginia Beach, nayo imejaa wanajeshi, iko kwa ile orodha ya wahafidhina. Jeshi moja, mabaharia wale wale, miji miwili inagusana. Eleza.

#18 Kalamu Nyekundu

Swali zuri kuliko yote tangu uzi uanze, na jibu lake liko kwenye ramani.

Mwaka 1958 shule za wazungu za Norfolk zilifungwa ili zisichanganywe na watoto weusi, kwa siasa za jimbo la Virginia za wakati ule. Wazungu walikuwa wanahamia pembezoni. Norfolk ikawa inapanuka kwa kumeza maeneo ya jirani, hivyo 1963 mji mdogo wa Virginia Beach ukaungana na kaunti nzima ya Princess Anne ili usiweze kumezwa. Ndiyo maana leo unaitwa mji, ingawa sehemu kubwa ni vitongoji, na kusini kabisa kuna mashamba.

Jacksonville nayo iliungana na kaunti yake 1968. Indianapolis ikafanya hivyo kuanzia 1970 chini ya meya Richard Lugar, Mrepublican, na wapiga kura wa vitongojini wakakiweka chama chake kwenye kiti cha meya hadi uchaguzi wa 1999. Sasa linganisha na Detroit, ambayo mipaka yake ilikwama. Wazungu wakavuka mstari wakaanzisha miji yao, na 1974 Mahakama Kuu ikasema huwezi kulazimisha shule za vitongoji hivyo ziingizwe kwenye mpango wa kuchanganya watoto wa Detroit.

Kwa hiyo nusu ya orodha ya #1 inapima mahali mstari ulipochorwa. Ukivuta mpaka wa Detroit hadi kwenye vitongoji vyake, "mji wa kiliberali" unageuka kuwa mji wa kawaida tu.

#19 Mchungulia Dirisha

Duh. Na Boston? San Francisco? Hizo nazo ni mpaka tu?

#20 Kalamu Nyekundu

San Francisco ni ncha ya rasi, bahari pande tatu. Ingepanukia wapi?

#21 Wa Githurai

Mnazunguka mbuyu. Semeni rangi. Weusi kama milioni sita walitoka kusini kati ya 1910 na 1970, wakaenda Chicago, Detroit, Philadelphia, Oakland. Detroit ikamchagua Coleman Young 1973, Chicago ikamchagua Harold Washington 1983. Washington DC, tangu wakazi wake waanze kupiga kura ya urais 1964, hawajawahi kumpa Mrepublican ushindi. Hata hiyo mipaka ya Kalamu, kilichoichora ni nini kama si rangi?

#22 Mzee wa Trela

Na Boulder je? Weusi wa Boulder unawahesabu kwa vidole. Burlington, Vermont, uliomchagua Bernie Sanders kuwa meya 1981 kwa tofauti ya kura 10, ulikuwa mji wa wazungu karibu watupu.

#23 Shangazi wa Tacoma

Tena Wa Githurai, mwanangu, kupigia Democratic na kuwa mliberali ni vitu viwili. Mimi nasali na kina mama weusi waliotokea Detroit. Mgombea wao ni Democratic maisha, lakini ukianza habari za ndoa za jinsia moja wanakutoa nje ya kanisa wewe na biblia yako.

#24 Kaka wa Ferry

Hapo Shangazi anifungulie njia niwape Hamtramck. Mji mdogo umezungukwa na Detroit karibu pande zote. Zamani ulikuwa wa Wapolandi wa kiwanda cha magari cha Dodge, sasa umejaa Wayemeni na Wabangladeshi. Baraza la mji likawa la Waislamu watupu, waliberali wakapiga makofi: angalieni utofauti ulivyo mzuri! Juni 2023 baraza hilo hilo likapiga marufuku bendera ya mashoga kwenye majengo ya mji. Makofi yakakoma. Na 2024 meya wao, Amer Ghalib, akamuunga mkono Trump.

#25 Pilipili Kichaa

Na hakuna bandari Hamtramck, kaka.

#26 Mtoto wa Lamu

Nimechelewa, salaam kwenu. Dini nayo isisukumwe ukutani kirahisi. Salt Lake City ndiyo makao makuu ya Wamormon, hekalu lao liko katikati ya mji, lakini tangu 1976 mameya wa mji huo ni Wademocrat watupu, na 2015 ulimchagua Jackie Biskupski, mwanamke msagaji asiyejificha. Wanaoishi Utah wananiambia ni upinzani: asiyekuwa Mormon, au aliyeacha, anakusanyika pale pale karibu na hekalu, kwa sababu ndipo penye wenzake. Kwa hiyo dini kali inaweza kuzaa mji wa kiliberali katikati yake.

#27 Mzee wa Trela

Na Mesa hiyo ya mkiani kwenye orodha ya #1 ilianzishwa na Wamormon hao hao, mwaka 1878. Sasa tushike lipi?

#28 Baridi ya Pikes

Nimekuwa msomaji kimya, lakini mmeutaja mji wangu sana. Naishi Colorado Springs, nafanya kazi ghalani.

Wenzangu hawachukii serikali kwa maneno tu. Sheria ya Colorado ya 1992 inayotaka wananchi wapige kura kabla kodi haijapandishwa iliandikwa na Douglas Bruce wa hapa hapa. Mwishoni mwa 2009 mji uliomba kuongeza kodi ya majengo, wapiga kura wakakataa. Mwaka 2010 mji ukazima taa za barabarani karibu theluthi moja. Mapipa ya taka yakaondolewa kwenye bustani. Halafu ukaja mpango wa kulipia taa yako: unataka nguzo iliyo mbele ya nyumba yako iwake, toa hela, iwashwe. Wenyeji wa hapa wanasimulia wengine walilipa wakaona ndiyo haki yenyewe, kila mtu na taa yake.

Halafu mji huo huo 2023 ukamchagua Yemi Mobolade, mzaliwa wa Nigeria, mgombea binafsi, akamshinda Mrepublican mkongwe. Na 2020 Trump aliishinda kaunti yetu kwa pointi kama 11 tu, wakati 2016 zilipita 20. Vijana wanahamia kwa kuwa Denver imekuwa ghali. Msije mkatuganda na orodha ya 2014.

#29 Mchungulia Dirisha

Kumbe kodi ya pango ya Denver ndiyo inayobadilisha siasa zenu! Basi tuongeze la wapangaji. New York karibu theluthi mbili ya kaya ni za kupanga, na Mamdani aliingia kwa ahadi ya kuzuia kodi isipande kwenye zile nyumba karibu milioni moja ambazo kodi yake hudhibitiwa. Staten Island, yenye wenye nyumba wengi, ikamkataa. Mpangaji kushoto, mwenye nyumba kulia.

#30 Kalamu Nyekundu

Detroit karibu nusu ya kaya wanamiliki nyumba zao, na Democratic inashinda kwa kishindo. Na wale majirani wa Shangazi wenye vibao si wapangaji.

#31 Mtoto wa Lamu

Huyu Zohran si alizaliwa Dar? Baba yake alikuwa Mlimani.

#32 Kaka wa Ferry

Baba, Profesa Mahmood Mamdani, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam miaka ya 1970. Zohran kazaliwa Kampala 1991. Waachieni Waganda kitu chao.

#33 Pilipili Kichaa

Angeshindwa umeya mngesema ni wa Kampala wenyewe bila kulazimishwa.

#34 Kibarua Mpya

Wakuu samahani kwa kuvamia. Mdogo wangu amepata viza, ana cheti cha uuguzi msaidizi, ana ndugu Fort Worth na mwingine yuko Seattle. Kwa hizi siasa zenu, aende wapi?

#35 Shangazi wa Tacoma

Mshahara huku ni mkubwa, kodi ya pango inaula wote. Mwambie asitie mguu bila kujua atalala wapi miezi ya kwanza.

#36 Mzee wa Trela

Fort Worth. Kaunti yake, Tarrant, ilimpa Biden 2020 kwa tofauti isiyofika kura 2,000, ikarudi kwa Trump 2024, kwa hiyo hata awe wa siasa gani atapata wa kubishana naye kazini. Kodi anaimudu. Ila anunue gari kwanza, basi la kule utalisubiri hadi zamu iishe.

#37 Wa Githurai

Hapo kwa gari ndio kuna theory nyingine. Mji wa treni na mji wa gari. Mnataka tuanze?

#38 Mchungulia Dirisha

Anza. Ila Boulder haina treni, nakuonya mapema.